Vidole vya Debora

Siku ya kwanza kumwona Debora alikuwa Kilangala, kibarazani kwa shangazi yake, anasuka ukili wa mkeka. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kufuata korosho vijijini, nami nilikuwa nimepeleka magunia. Vidole vyake vilipinda kwenda nyuma kama havina mifupa. Wenzake wakamtania, "Debora, mwonyeshe mgeni." Akalaza kidole gumba mpaka kikagusa mkono chini ya kiganja. Mimi si msemaji. Niliomba maji ili nikae kidogo, kisha nikaomba tena.

Tulioana. Baada ya kumzaa Salome, Debora akatokwa na uvimbe kitovuni. Hospitalini wakasema ni ngiri, wakampasua na kushona. Mwaka haukuisha, ikarudi palepale. Mama yangu, Stefania, alimwambia kila aliyekuja kutujulia hali kwamba Debora alishika mchi kabla ya arobaini, akajipasua mwenyewe. Debora akawa anakwenda kisimani watu wakishaondoka. Nikimwambia turudi hospitali, alisema hataki kwenda kuulizwa kwa nini alitwanga.

Uvimbe ulipoanza kuuma ndipo akakubali. Mama akatusindikiza, na daktari alipouliza, yeye ndiye aliyejibu, habari ya mchi ikiwa mbele. Daktari akamsikiliza, kisha akaushika mkono wa Debora, akakunja vidole nyuma, akavuta ngozi ya kiwiko. Akauliza nani mwingine kwao ana ngiri. Debora akasema baba yake, ya kinena, pande zote mbili.

Daktari akatueleza kwamba mwilini mna nyuzi zinazoshikilia nyama pamoja, na za Debora zimelegea tangu tumboni mwa mama yake. Ndizo zinazolegeza vidole, ndizo zilizoachia utumbo. Kazi nzito huongeza tu. Wengi hutwanga mapema wasipate kitu. Safari hii angemwekea kiraka cha wavu, asitegemee mshono peke yake.

Njiani Debora akaniambia taratibu, "Kumbe ulichokipenda ndicho kilichonipasua." Akacheka. Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyetutwangia unga, wala hakulisema tena lile jambo.

Kiraka kilishika. Ni malaria iliyomchukua, Salome akiwa darasa la nne. Jioni ya mwisho Debora alikuwa amekishika kidole gumba cha mtoto, anakilaza nyuma polepole.

"Baba Salome," akaniambia, "huyu amechukua vidole vyangu. Siku kikimtokea kitu, mwambie mapema kwamba hakukosea."