Jemadari Ndengu na Kombe la Bibi

Nilipokuwa na miaka tisa, tukikaa ughaibuni, mtaa wa Stechford, bibi yangu alimshuku kila mtu aliyepika kitu asichokijua. Jirani yetu Mkorea, Mama Jisoo, alipotuletea chapati nene za ndengu, bibi alizipokea kwa tabasamu, akafunga mlango, akazitupa pipani. Alikuwa ameona picha ukutani kwa yule mama: mwanamume mwenye shungi la nywele, amebebwa kitini, macho makali.

"Huyo ni mzimu wao," alisema. "Usile kwao, usikae kwao."

Nikaenda, bila shaka. Mama Jisoo alicheka niliposema mzimu. Akaniambia yule alikuwa mwalimu wa kijijini, zamani sana, aliyewaongoza wakulima dhidi ya maofisa waliowanyang'anya mpunga. Alikuwa mdogo wa mwili, ndiyo maana wakamwita Jemadari Ndengu. Picha alipigwa akiwa mateka, kisha akanyongwa. Wafuasi wake walichoma karatasi zenye maandishi, wakanywa majivu kwa maji, wakiamini risasi haziwaingii. Walikufa wengi mno. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wao.

Nilirudi nyumbani nikiyafikiria hayo, kwa sababu na sisi tulikunywa maandishi. Bibi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya waridi, tukanywa; hilo ndilo kombe. Tangu siku hiyo niliitazama ile sahani kwa jicho la pembeni.

Wiki ile ile pumu ikambana mdogo wangu Idris. Mama alikuwa kazini. Bibi alishika kombe mkononi, na pampu ya Idris ya kuvutia dawa ameitia mfukoni mwake.

"Bibi, give him the pump! Please!"

"Kombe kwanza. Hiyo pampu inamzoesha vibaya."

Midomo ya Idris ilianza kugeuka rangi. Nikampiga bibi kikumbo, kombe likamwagika kwenye zulia, nikaichomoa pampu. Idris akavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo kifua kikafunguka.

Bibi hakunipiga.

"Nani kakufundisha kumwaga maneno ya Mungu?"

Ningeweza kusema niliogopa, na ingekuwa kweli. Nikasema, "Mama Jisoo."

Kabla ya magharibi akina mama wetu wote mtaani walijua kwamba Mkorea anafundisha watoto kufuru. Hakuna aliyemsalimia tena. Baada ya miezi michache Mama Jisoo na watu wake wakahamia mtaa wa Castle Vale.

Nilipokuwa mtu mzima, bibi alinieleza kwamba huko kwetu Kenya alizika watoto wawili, mahali ambapo dawa pekee ilikuwa sahani na zafarani. Hapo nikawaelewa wale wakulima pia. Walikunywa walichokuwa nacho. Bibi sina kinyongo naye, na Idris yu hai, ana watoto wake. Lakini Mama Jisoo alinipa habari za watu wake kwa sababu nilimuuliza, nami nikamsingizia ili nisionekane mbaya mbele ya bibi. Castle Vale si mbali kwa basi. Sijawahi kwenda.