Siku Nilipolinyoosha Gari Lililokuwa Sawa

Nikikutana na mtu yeyote aliyekuwa kwetu Kola Jumapili ile, ninaangalia viatu vyangu. Si kwamba wananichukia (wananipenda, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mtu anayekupenda hukucheka hata mbele ya wageni), ila hakuna anayenisalimia siku hizi bila kuinamisha kiganja upande mmoja kama sahani inayomwaga mchuzi na kuniuliza, "Mutinda, hapa ni sawa?" Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Mama Mueni, maana yeye huongeza chumvi, na kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Aunti Mwende, dada ya baba, alipostaafu uuguzi alinunua gari kuukuu la watalii, lile lenye kitanda nyuma, meza katikati, jiko dogo na choo cha kuingia ukiwa umeinama. Watu walidhani amechanganyikiwa. Yeye alikuwa na sababu moja tu, nayo ni Susu, yaani nyanya yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kukaa kwenye kiti cha gari hata nusu saa, na ambaye kwa miaka sita hakuwa amemwona dada yake Kalunde aliyeolewa kule Masinga. Kalunde naye macho yamefifia, hasafiri. Kwa hivyo Aunti aliwaza: kama Susu hawezi kusafiri ameketi, basi atasafiri amelala.

Lakini Susu aliliogopa lile gari. Alisema nyumba yenye magurudumu siku moja itakumbuka kwamba ina magurudumu. Baada ya kubembelezwa sana akakubali hivi: Jumapili watu wa kanisa waje waliombee, yeye akae ndani wakati wa maombi, na akiona limetulia, Jumatatu asubuhi waondoke. Likimtisha, habari ya Masinga ife hapo hapo, asiisikie tena.

Mimi nilipewa kazi moja. Moja! Ninunue vipandio, vile vibao vya mteremko vinavyowekwa chini ya magurudumu ya upande ulio chini ili gari la kulala likae sawa, mtu asibingirike kitandani na chai isimwagike. Sasa, mimi nimesomea ununuzi na ugavi, nina shahada, sina kazi, na tangu nihitimu hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nichague kitu chochote, hata sabuni. Nilichora jedwali. Vya mbao nikavipa alama nikavinyang'anya kwa sababu ya mchwa. Vya chuma nikaenda kuviuliza kwa fundi wa kuchomelea mjini Machakos, nikamwuliza kuhusu kutu, kuhusu uzito, kuhusu makali ya kona (je, mtu akijikwaa?), nikarudi kesho yake na maswali mengine, mpaka akavua miwani yake ya kazi akaniangalia.

"Kijana, unanunua kipandio ama unaoa?"

Aunti alipiga simu kila siku. "Mutinda, si hata mawe yako?"

"Mawe hayajaandikwa yanabeba tani ngapi, Aunti."

"Na wewe umeandikwa?"

Mwishowe, baada ya mwezi mzima, nilichagua vya plastiki, viwili, rangi ya njano, vyenye ngazi tatu, vimeandikwa tani tano. Nililala navyo chumbani. (Sina la kujitetea.)

Jumapili ikafika. Gari lilikuwa kwenye tuta lililo chini ya jiko la nyumbani, kipande cha shamba kilichokatwa mlimani, ambapo Susu alikuwa akipanda mahindi kabla ya magoti kumgomea. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, bakora mapajani, na aliponiona nazunguka gari nimebeba vitu vya njano akasema, "Hapo ni sawa, mwanangu. Acha tu." Nikatabasamu lile tabasamu tunalowapa wazee, nikachukua simu.

Simu yangu ina kile kipimo cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Ninaivalisha kava nene la mpira, lenye pete ya chuma mgongoni ya kuingiza kidole, kwa sababu simu ya kwanza niliiangusha ikafa. Niliwaza kulivua lile kava, jamani, naapa niliwaza, kisha nikawaza, na ikiponyoka? Nikaacha. Mambo yote mtakayosikia yalianzia hapo. Niliiweka simu juu ya meza ya gari, ikaniambia upande wa kulia uko chini kwa nyuzi nne, nami nikafurahi kama daktari aliyepata ugonjwa.

Nikaweka vipandio kulia, mbele kimoja, nyuma kimoja. Aunti akawasha, mimi nikamwongoza kwa mikono miwili kama ninaita ndege ishuke, gari likapanda mpaka ngazi ya juu kabisa.

"Mutinda, mbona naona kama tumeinama?"

"Macho hudanganya, Aunti. Simu inasema sifuri."

Alikuwa anashika breki ya mkono ndipo watu wa kanisa wakatokea njiani wanaimba, naye akaruka chini kuwalaki. Nikamwambia nenda, breki nitavuta mimi. Kisha nikaanza kuwaza kama viti vitatosha.

Akina mama wanane wakaingia, na Mzee Kyalo, mzee wa kanisa, ndani ya suti yake ya kijivu; wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Susu tukampandisha polepole, akalala kitandani nyuma huku ameshika pazia kama mtu aliyeshika mlingoti wa hema. Mezani Aunti akaweka sufuria la isyo, mahindi na maharagwe, limelowa chini kwa mvuke. Meza ni laini kama kioo. Mzee Kyalo akaketi kushoto, ncha ya meza.

"Tufumbe macho," akasema.

Mzee Kyalo akiomba huanzia uumbaji. Alipofika Nuhu nilifungua jicho moja, niangalie tu Susu anaendeleaje, nikaona sufuria limesogea. Nikajiambia macho hudanganya. Akina mama wakapiga makofi, gari likatikisika, sufuria likasogea tena, upana wa kidole, kuelekea suti. Sasa nifanye nini? Je, mtu anaweza kumkatiza mzee wa kanisa anapoomba? Na kama nikinyoosha mkono na sufuria lisianguke, si nitaonekana mwizi wa isyo? Nikiwa bado napima hayo, sufuria likafika ukingoni.

"Inakuja!" nikasema, kwa sauti ndogo.

"Na ije, Bwana!" akaitikia Mama Mueni, macho yamefumbwa, mikono juu.

"Inakuja!" nikapiga kelele.

"Amina!" wakasema wote.

Ikaja. Yote. (Namshukuru Mungu ilikuwa imepoa kwa sababu maombi yalianzia uumbaji.) Mzee Kyalo akaruka, akina mama wakakimbilia mlango kwa pamoja, gari likayumba, na ile breki ambayo nilisema nitavuta ilikuwa chini imelala. Tukasikia magurudumu yanashuka ngazi, ko, ko, kisha puu, sahani zote kabatini zikashuka, mlango wa choo ukafunguka wenyewe, na nyumba ikarudi nyuma hatua mbili ikasimama kwenye nyasi za ukingo wa tuta. Nje watu walikuwa wanapiga mayowe kama tumeingia mtoni.

Hakuna aliyeumia. Lakini mimi niliangalia pazia la kitanda, na ndani ya kichwa changu nikamwona Kalunde kule Masinga ameketi mlangoni akingoja gari ambalo mimi, na jedwali langu, nilikuwa nimeliua.

Mzee Kyalo, maharagwe begani, hakunitukana. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba kabla ya uzee. Aliiokota simu yangu sakafuni, akailaza mezani, akaigeuza mgongo, akaigeuza tena.

"Kijana," akasema polepole, "hii simu yako iko na kidole mgongoni."

Akavua kava, pamoja na ile pete iliyokuwa ikiinua simu upande mmoja, akailaza tena. Sifuri. Gari bila kipandio, juu ya ardhi tupu: sifuri.

"Si nilimwambia?" Sauti ya Susu ikatoka nyuma ya pazia. "Hilo tuta nililichimba mimi na wanawake wa mwethya, siku hizo tukichimbiana mashamba kwa zamu. Tulilinyoosha kwa kamba na chupa ya maji. Unanipimia kazi yangu na simu?"

Nikaenda kupiga magoti kando ya kitanda. "Susu, nisamehe. Nimekuharibia safari. Njoo nikushushe."

"Sishuki."

"Susu?"

"Nilikuwa naogopa siku litateleza. Sasa limeteleza, nimeliona, si kitu sana." Akaachilia pazia. "Nikishuka mtaanza tena hesabu zenu. Mwende, lete chai. Kesho ni mapema."

Na kweli walilala humo yeye na Aunti, na Jumatatu tukaondoka.

Kwa Kalunde kumeinama haswa, mteremko mpaka kwenye maji ya bwawa, hata mbuzi wanasimama kwa mashaka. Baada ya chakula cha mchana wale mabibi wawili walipanda kitandani wapumzike, na mara ile wakabingirika wote upande wa ukutani, mmoja juu ya mwingine. Nikakimbilia vipandio (hapa, jamani, vilihitajika kweli!).

"Ukigusa gurudumu nitakuchapa," akasema Susu.

"Acheni hivyo hivyo," akasema Kalunde, akipapasa uso wa dada yake kwa vidole, paji la uso, pua, mashavu, kwa sababu kuona hawezi. "Umekonda, weye."

Nikafunga mlango, nikakalia vile vipandio vyangu kivulini. Nimeapa sitapima tena mahali popote kabla ya kuuliza nani alipachimba. Aunti alikuja akaniuliza kama wamelala sawa. Nikamwambia hapana, wamelala vibaya kabisa, na asithubutu kuwasogeza.