Jicho Moja Mbele ya Washenga

Nakumbuka mwaka 1993, baridi ya Juni ikiwa imeukalia Mlima Meru, nami nina umri wa miaka arobaini na miwili, mjane tayari, tena mwanafunzi wa kidato cha pili katika masomo ya jioni. Jumamosi ya tarehe 12, washenga walikuja nyumbani kutoka Kikatiti kumposa binti yangu Aika. Siku hiyo jicho langu la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji, kwa kuwa lilikwaruzwa na jani la mhindi.

Katika ukoo wetu, mwanangu, mama wa binti ndiye anayemmiminia mshenga mbege ya kwanza, pombe yetu ya ndizi. Ikimwagika, amekataa posa.

"Mama, mwachie shangazi amimine," Aika alininong'oneza.

"Shangazi ndiye aliyekuzaa?"

Mshenga mkuu, Mzee Kaaya, alivaa suti ya mitumba rangi ya maziwa. Miaka hiyo soko la Tengeru lilikuwa limefurika nguo za Ulaya. Alininyooshea kata kwa adabu. Nikainua jagi, nikamimina kwa madaha. Mbege yote ikaishia mapajani mwake.

"Basi tumeelewa, mama," alisema, akichukua kofia yake. Aika akaanza kulia.

"Keti, mzee! Huku si kukataa, ni baiolojia." Nikamweleza nilivyofundishwa juma lile: macho yametengana kidogo, kwa hiyo kila moja huona kitu kwa upande wake, ubongo huzilinganisha picha hizo mbili, na kwa tofauti yake hujua kitu kiko karibu kiasi gani. Mimi nilikuwa na picha moja tu.

"Hayo ni maneno ya shule. Lete jagi." Akafumba jicho moja, akanikabidhi kata, akamimina. Mbege ikashukia kiatu chake mwenyewe.

Mdogo wake aliyefuatana naye akaangua kicheko: "Kaka, na wewe umemkataa binti?"

Mwanangu, usimfukuze anayeona jambo tofauti kidogo na wewe, hasa mwenzi wako. Kama macho mawili yangeona sawasawa kabisa, moja lingekuwa pambo. Mkipishana, ketini mlinganishe. Na ukiwa na upande mmoja tu wa habari, weka jagi chini. Mungu akupe mwenzi wa kukuonyesha usichokiona, akujalie na masikio ya kumsikia.

Posa ilikubaliwa rasmi washenga waliporudi Jumamosi, tarehe 3 Julai 1993, na Aika akaitwa mchumba mbele ya wazee wa pande zote mbili.