Msoma Matone wa Barabara ya Kasanga

Amekufa, na hata sasa ninapoandika siamini. Habari zilinikuta sokoni Sumbawanga: gari limepinduka kwenye mteremko wa Kasanga, naye alikuwemo. Nikasema, haiwezekani. Ajali zipo, lakini mtu huyu ndiye aliyekuwa akitushusha sote garini kwa shaka ndogo tu ya breki.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa lori lake. Biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye gunia la mahindi akageuka mfanyabiashara, yeye alinunua mnadani lori kuukuu la jeshi, bado la kijani, linalovuja kila mahali. Jioni alitandaza maboksi chini yake, asubuhi akainama kuyasoma. Tone jeusi, oili ya injini. Zito lenye harufu kali, giaboksi. Lenye kutu, rejeta. Kisha aliifuta injini kwa mafuta ya taa na kuiwasha tena, maana, alivyosema, "Linapodondokea sipo linapotokea." Tukimtania kwamba lori lake lina mafua, alicheka: "Likivuja lina kitu. Likikauka ndipo uogope."

Asubuhi moja tulikuwa tumeshapanda juu ya magunia, na boksi likawa kavu kabisa. Tukashangilia. Yeye akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akakuta yamepungua. "Shukeni." Mama mmoja muuza dagaa akafoka, "Baba, dagaa watatuishia Kasanga!" Akamjibu, "Watavuliwa wengine, mama. Wewe mwingine nitakutoa wapi?" Alipofungua gurudumu la nyuma, ndani kulikuwa kumelowa chapachapa. Mafuta yalivujia humo humo, ndiyo maana chini hapakuwa na kitu.

Sasa sikieni. Wiki ya ajali lori lake lilikuwa bovu, akapewa lifti kwenye gari la bwana mmoja mwenye duka, jipya, linalong'aa. Yule mama wa dagaa alikuwemo pia. Ametoka na mkono uliovunjika. Alinisimulia msibani kwamba kabla ya kupanda, marehemu aliinama, akagusa gurudumu kwa ndani, akanusa vidole. "Vipi, baba?" "Linavuja breki. Lakini gari si letu, mama, tumebebwa tu. Nitamwambiaje mwenyewe mbele ya watu?" Akafuta vidole kwenye suruali, wakapanda.

Nimeshtuka, na nina hasira. Enzi za lori la ushirika kila abiria alimfokea dereva, kwa kuwa lilikuwa letu sote. Leo gari lina mwenyewe, na aliyepewa lifti hana mdomo. Kazi yake kushukuru na kulisifia gari. Adabu ni jambo jema, lakini hii imemuua mtu aliyejua kabisa kinachokuja. Basi ukiliona tone, sema, hata kama umebebwa bure, hata kama bosi atanuna mbele ya watu. Aliyenuna utamwomba radhi kesho. Huyu wetu tumeshamzika.