Kikundi chetu cha ngoma, bei ya korosho na jina la mgombea

Wakuu, salaam kutoka Nachingwea. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi napiga ngoma ndogo kwenye kikundi cha huku Mkotokuyana. Riziki yetu ni sherehe za watoto kutoka jandoni, na sherehe zinategemea korosho. Bei iliposhuka, wazazi wakaahirisha. Tukakaa bila kazi.

Msanii wa huku hana mambo ya views za mtandaoni. Ana mwaliko tu, ukikosekana anarudi kulima kama jirani yake.

Ikaja kampeni. Jamaa mmoja akatuita tukatumbuize mkutano Nandagala, kule Ruangwa. Sharti moja: jina la mgombea liimbwe.

Tukagawanyika. Hamisi, mwenye ngoma kubwa, akasema watoto wake hawali msimamo. Bi Somoe, mwimbishaji wetu, akauliza, "Huyo akishindwa, kibali cha ngoma mtaombea wapi? Na akishinda, wale wengine watatuita tena?"

Njaa ikatupeleka.

Sasa, kwenye kikundi chetu mwimbishaji humwita kwa jina mama wa mwenye shughuli, na waliopo wote huitikia. Pale jukwaani Bi Somoe akawaita akina mama wa Nandagala aliowajua kwa sherehe zao, mmoja mmoja. Wenye kofia za chama na wasio nazo, wote wakaitikia.

Yule jamaa aliyetualika akamfuata kumkumbusha jina la mgombea. Bi Somoe akamjibu kwa upole, "Mama yake simwoni hapa, mwanangu. Nitamwitaje?"

Tukashushwa jukwaani. Niliumia, maana nyumbani unga ulikuwa umeisha.

Hamisi akabeba ngoma yake, akahamia kikundi cha kampeni. Sisi tukabaki tunapiga ndoo ya plastiki. Tulichekwa sana, na kwa kweli tulikuwa tunachekesha.

Uchaguzi ukapita, kikundi kile kikafa. Mwezi uliopita mkewe Hamisi akatualika kwao Narung'ombe, mtoto wao anatoka jandoni. Tulipofika, Hamisi hakutuangalia usoni.

Bi Somoe akaliita jina la mama yake Hamisi, marehemu. Tukaitikia.

Hamisi akainama. Akaingia ndani, akatoka na ngoma kubwa.

Ile ndoo nikaigeuza, nikaikalia.

Nilichojifunza wakuu, bei itashuka tena na kampeni zitarudi. Msanii achunge wale wanaomwitikia, basi.

Wewe ukipewa jina usilotaka kuliimba, na nyumbani hakuna unga, unafanyaje? Nijibuni kweli, maana kipaza sauti siku ile hakikuwa mkononi mwangu, na mpaka leo sijui ningeita nani.