Kopo Dogo la Mama

Baba alipofariki, mama alikuja kuishi kwangu Boko. Alikuwa na meno saba, moja likimkosesha usingizi, nikampeleka likang'olewa. Daktari akaniita pembeni. Alisema hayo sita yaliyobaki nayo yameanza kuoza kwenye mizizi, na chai ya sukari kutwa nzima ndiyo inayoyamaliza. Kama hawezi kuacha utamu, tumtilie zailitoli, sukari mbadala ambayo bakteria wa meno hawawezi kuigeuza asidi. Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa ratiba ya mgao wa maji. Miezi ile sikuwa na huzuni wala furaha, nilikuwa natekeleza tu.

Kumwambia mama mwenyewe sikuweza. Yeye ndiye aliyenifundisha kula. Nianzie wapi kumwambia aache sukari? Tena alikuwa kwenye nyumba ya mkwewe, ambako hata kuomba chumvi aliona haya. Basi nikaenda duka la dawa, nikanunua ile sukari mbadala, nikaitia kwenye kopo lake la peke yake na kunyamaza. Nilijiona mjanja kweli.

Weupe ni uleule na utamu unakaribiana, ila inaacha ubaridi kidogo ulimini. Mama alionja, akanitazama, akanywa. Kila asubuhi nilimtilia mume wangu kutoka kopo kubwa, na mama kutoka kopo dogo, mbele ya macho yake mwenyewe. Sikufikiria kitu. Vikombe vyake vikaanza kubaki nusu. Nilivimwaga, nikaviosha.

Mwezi wa tatu tangu aje, akasema anakwenda kumsalimia kaka yangu kule Vingunguti. Alifunga khanga zake zote. Niliona furushi lilivyo kubwa, nikambebea hadi kituoni.

Hakurudi. Kaka alikuwa akisema kwenye simu kwamba mama hajambo, nami nikijibu, "Vizuri." Mume wangu aliniuliza, "Mama anarudi lini?" Nikamwambia sijui, nikaendelea kukunja nguo.

Nilikwenda baada ya miezi minne, kopo dogo likiwa kwenye mkoba. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipotabasamu nikaona mashavu yamebonyea. Meno manne mengine yalikuwa yameshang'olewa. Wifi yangu alileta chai, na mama akanyoosha mkono kwenye sukari. Hapo ndipo nikamweleza yote, la daktari na la kopo, kwa sauti ileile ninayoagizia nyanya. Alinisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa mapajani.

"Si ungeniambia tu," alisema. "Mie ningekunywa hata bila sukari."

"Niliona haya, mama."

"Na mie niliona haya kuuliza. Nilijua mkwe kachoka, kasema nitengewe kopo langu."

Mume wangu hakuwahi hata kujua kama kuna kopo la pili. Nilimwambia mama hivyo, akatikisa kichwa polepole. Nilijua hapa ndipo pa kulia. Nilisubiri machozi, hayakuja, na hilo liliniuma kuliko mengine yote.

Mama alirudisha kijiko kwenye bakuli la sukari, akanisogezea kikombe chake.

"Haya, nitilie hiyo yako," alisema. "Yamebaki mawili."