Fatuma wa Nyumbani, Faadumo wa Kambini

Mwezi uliopita nilishika kalamu ya karani wa wodi ya wazazi hapa Garissa na mkono ukanigomea. Mimi. Wewe unanijua, tumeanza wote chini. Unajua nilivyotoka Modogashe nikining'inia nyuma ya lori la mbuzi, darasa la tatu sijamaliza, na leo simamisha lori lolote kwenye ile njia panda uulize la nani, utaambiwa jina langu. Nimetia sahihi mbele ya mawakili wenye tai na sikutetemeka. Lakini karani aliponisukumia fomu ya mtoto wa mpwa wangu na kuuliza, "Mzee, hili jina tunaliandikaje?" nilisikia harufu ya unga wa njano, ule wa msaada, kama mtu amefungua gunia chini ya pua yangu.

Jina lenyewe lilishakubaliwa, ni la nyanya wa mtoto, yaani dada yangu. Ubishi ulikuwa maandishi. Sisi wa Modogashe tunatamka Faduma. Mwalimu wetu, mtu wa bara, aliandika Fatuma, na hilo ndilo ofisi za Kenya zimezoea. Watu wa Mandera na wa ng'ambo ya mpaka wanalivuta, Faadumo. Sasa baba wa mtoto ni wa Mandera, na mama mzazi wa huyo baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akisema mjukuu wake haandikwi kwa mdomo wa watu wengine. Nikamwambia mdomo wake ni mzuri sana kwa kunywea chai, lakini ofisini haupiti. Akaniuliza hizo herufi zangu nilizinunua pamoja na malori au nilipewa nyongeza. Wodi nzima ikacheka. Dada yangu hakucheka. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, shela imemfunika mpaka kidevuni.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Tulikuwa watoto wawili kwa nyanya, mimi kama miaka kumi na mmoja, dada yangu saba. Asubuhi zetu zilianza na moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa, na anjera ikitoa matundu kwenye kaango, na kengele za mbao shingoni mwa ngamia. Kazi yangu ilikuwa punda na madebe ya maji. Yake ilikuwa vitoto vya mbuzi, ambavyo alivigombeza kama watu wazima. Nyanya alimwita kwa namna nyingi. Akiwa na furaha alisema Faduma, akitaka kumwiga mwalimu alikunja mdomo akasema Fatuma, akimhurumia alilikata jina katikati. Mtoto aliitikia zote. Nyanya alikuwa akisema jina ni sauti ya anayekupenda, mengine ni kelele.

Kisha mvua ikakosa, ikakosa tena. Zile kengele hukuzisikia zikipungua. Ulishtuka tu asubuhi moja kwamba unachosikia ni nzi. Baba na mama wakawachukua ngamia waliobaki, wakaenda kutafuta majani upande wa Tarbaj. Sisi tukafunga kibanda juu ya punda, tukahamia pembeni mwa kambi ya wakimbizi, kwa sababu pale angalau kulikuwa na bomba. Tulikuwa Wakenya, kwa hiyo kadi ya chakula haikuwa yetu. Tulikaa tukinusa ugali wa wenzetu ukisongwa. Korongo wale wakubwa wenye vipara walitua juu ya uzio wa miiba, wakatutazama kama watu wanaosubiri zamu.

Jirani yetu alikuwa mwanamke aliyevuka mpaka na watoto watatu. Kadi yake ilisema vichwa vinne. Mwezi ule binti yake, rika moja na dada yangu, alikufa kwa kuhara, akazikwa nyuma ya vibanda chini ya rundo la miiba. Aliitwa Faadumo. Siku chache baadaye ikatangazwa hesabu. Kila kichwa kilicho kwenye kadi kifike kwa miguu yake, na kisichofika kinakatwa.

Yule mama alikuja kwetu saa ya chai, mkononi ameshika gauni lililokunjwa. Hakulia. Alisema, "Mama, niazime mtoto wako asubuhi moja. Nusu ya unga ni wenu."

Nyanya alichochea moto muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Mwishowe akasema, "Jina ni lile lile. Ni midomo tu inayotofautiana."

Gauni lilikuwa refu kwake na lilinuka ubani. Yule mama alimchana nywele, akazigawa upande ambao sisi hatukuzoea kuzigawa. Mimi nilienda nao kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua kuandika, na nilitaka watu waone. Mezani karani wa kambi akauliza jina linaandikwaje. Yule mama akanitazama. Nikachukua kalamu nikaandika herufi kubwa, a mbili, vile alivyolivuta yeye: FAADUMO. Karani akasema nina mwandiko mzuri. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Dada yangu akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza kando ya maandishi yangu, nami nilirudi kifua mbele. Siku hiyo tulikula ugali wa njano na mafuta ya kopo mpaka matumbo yakauma. Nyanya alikula mwisho, akitupa mgongo.

Asubuhi moja ikawa nyingi. Hesabu ilipokaribia, jirani alimtaka siku mbili mapema ili asikosee majibu mezani. Akirudi kwetu, dada yangu alikuja akivuta maneno. Aliacha kula dengu, akisema yeye huwa hali dengu, na kabla ya hapo tulikuwa tukigombania dengu. Wale watoto wengine wawili wakaanza kumwita walaal, ndugu, na alikubali. Siku moja nyanya alimwita achote maji. Faduma. Mtoto aliendelea kuchora mchangani. Faduma. Nikalivuta jina kama jirani anavyolivuta, na akageuka mara moja, akatabasamu. Nyanya aliweka kikombe chini, akaenda kuchota maji mwenyewe.

Halafu ikaja jioni ambayo jirani hakumrudisha. Alisema hajamaliza kumsuka. Nyanya alichukua fimbo ya kuchungia, akaenda akasimama mlangoni kwake. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona yule mama amempakata dada yangu kama mtoto wa kunyonya, na dada yangu ametulia kabisa.

"Wako yuko chini ya miiba," nyanya alimwambia. "Huyu ni wangu."

Alimtoa kwa mkono. Lakini hesabu iliyofuata alimpeleka tena. Hata mvua iliporudi na sisi tukarudi Modogashe, alimpandisha lori kila walipotangaza. Unga ni unga, na sisi watoto hatukujua kwamba kuna kitu kinachoendelea kuliwa. Dada yangu alipofika miaka kumi na mitano, kambini wakaleta mashine ya vidole. Akaweka vyote kumi.

Unajua kilichofuata. Alipoomba kitambulisho, mashine ya serikali ilisema huyu ni mkimbizi, anaitwa Faadumo, ana mama na ndugu wawili. Wazee wa kamati ya kuhoji waombaji wakataka mtu aliyekuwa mtu mzima wakati ule aape kwamba Faadumo halisi alikufa. Nyanya alikuwa ameshafariki, na baba na mama wakati ule walikuwa Tarbaj, hawakuona. Jirani alikuwa amepandishwa ndege na watoto wake kwenda nchi ya baridi, na alipoulizwa mabinti alionao hatujui alijibu nini. Mimi nilikuwa na gari langu la kwanza tayari. Niliendesha mpaka kambini kutafuta lile rundo la miiba, nionyeshe kaburi. Nikakuta safu ya maduka na kijana anauza kufuli.

Dada yangu hajawahi kuvuka daraja la Tana kwenda bara. Askari wa pale wanataka kitambulisho. Binti yake alipata chake kwa upande wa baba yake, baada ya kuhojiwa mpaka akachoka kujijua.

Ndiyo maana nilikuwa pale wodini nikipiga meza, nikimwambia karani aandike Fatuma, tahajia inayovuka daraja, na mimi ninajua mambo ya ofisi kuliko wote waliomo humu. Hapo dada yangu akazungumza, mara ya kwanza asubuhi ile.

"Usimpe hilo, walaal. Faadumo yuko hai, mashine inamjua, anachukua unga. Fatuma ndiye tuliyemzika. Wewe mwenyewe ulimwandika Faadumo mahali pake."

Mpwa wangu, mtoto kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Abti, mjomba, andika tu lolote, twende nyumbani."

Kalamu haikwenda. Karani alinipa maji. Kisha nikaandika FATUMA, kwa sababu mimi si mtu wa kurudi nyuma, na kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Mwandiko haukuwa mzuri.

Siku ya jina nilichinja kondoo wawili, mtaa mzima ukala. Cheti kimetoka nacho nimekitia plastiki, kiko ukutani kwa mpwa wangu, herufi zote ziko sawa. Zamani Modogashe hatukuwa na karatasi hata moja, na jina la mtoto lilikuwa likizunguka boma kutwa nzima, kila mdomo na namna yake, mpaka mbuzi wakalijua. Sasa mpwa wangu anamwita mtoto "mama". Nyanya wa Mandera, aliyepigania a mbili, anasema "huyu mdogo". Dada yangu anambeba, anamwogesha, anamwimbia wimbo usio na maneno. Katika nyumba ile hakuna anayelitamka jina lenyewe. Na mimi nikifika mlangoni, mtu mzima na malori yangu, nauliza tu mtoto ameamkaje.